UZI: Linux inakataa nenosiri, au inakurudisha kwenye skrini ya kuingia? Tuanze na logi kabla ya kuinstoli upya

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Tatizo la kuingia kwenye Linux linatisha kuliko mengine, maana linakufungia nje ya mashine yenye kazi zako zote huku nenosiri unalijua fika. Ushauri unaosambaa haraka ni "piga chini, instoli upya". Naupinga kwa nguvu zote. Mara nyingi data iko salama, akaunti iko salama, na kilichoharibika ni mstari mmoja wa mipangilio, ruhusa ya faili moja, au diski iliyojaa. Ukiinstoli upya unafuta ushahidi, na kama chanzo ni namna unavyoitumia mashine, tatizo litakufuata huko huko.

Kabla hujagusa chochote, jibu swali hili: umekataliwa, au umekubaliwa kisha sesheni ikafa?

Ukitazama juu juu mambo haya yanafanana, maana yote mawili yanaishia kukuonyesha kisanduku cha nenosiri. Lakini ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukikataliwa, utapewa ujumbe kwamba uhakiki umeshindikana. Sesheni ikifa hupewi ujumbe wowote: skrini inakuwa nyeusi kidogo, pengine unaona mshale wa panya, halafu unarudishwa ulikotoka.

Tufuate safari yenyewe ili ujue pa kutazama. Skrini ya kuingia (GDM kwa GNOME, SDDM kwa Plasma, LightDM kwa Xfce na Cinnamon) haijui nenosiri lako. Inalikabidhi kwa PAM, mfumo uliobuniwa Sun Microsystems miaka ya 1990 ili kila programu isijitungie njia yake ya kuhakiki watu. PAM inasoma faili lililoko `/etc/pam.d/` lenye jina la huduma husika, na mistari yake iko katika mafungu manne. `auth` inahakiki kwamba wewe ni wewe. `account` inaangalia kama unaruhusiwa kuingia muda huu, yaani akaunti haijaisha wala kuzuiwa. `password` inafanya kazi pale unapobadili nenosiri. `session` inakuandalia mazingira, na humo ndimo `pam_systemd` inapokuandikisha kwa logind na kukutengenezea saraka ya `/run/user/1000` (namba ni ya mtumiaji wako). Hayo yote yakipita ndipo desktopu inapoanzishwa. Kwa hiyo unaweza kuwa umepita `auth` na `account` bila tatizo, ukafia hatua ya mwisho.

Jaribio la kutenganisha ni jepesi. Kwenye skrini ya kuingia bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itafunguka konsoli ya maandishi. Andika jina lako na nenosiri. Ukiingia, basi nenosiri ni sahihi na akaunti ni nzima. Tatizo liko kwenye sesheni ya picha, au kwenye faili la PAM la skrini ya kuingia peke yake (`gdm-password`, `sddm` au `lightdm`). Ukikataliwa hata hapo, tatizo ni la mfumo mzima.

Angalizo la kibodi: mpangilio wa herufi kwenye skrini ya kuingia unaweza kutofautiana na ule wa ndani ya desktopu, na alama kama @ au # zikahama. Watu wengine huandika nenosiri kwenye nafasi ya jina ili walione. Sawa, ila lifute kabla ya kubonyeza Enter, maana likitumwa kama jina linaweza kubaki kwenye kumbukumbu za mfumo.

Ukishapata konsoli, soma logi (kumbukumbu za mfumo) kwanza. Neno `sudo` linaendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine:

    sudo journalctl -b -e
    sudo journalctl -b | grep -i pam

Mstari unaosema `pam_unix(gdm-password:auth): authentication failure` maana yake umekataliwa. Mstari unaosema `pam_unix(gdm-password:session): session opened for user`, halafu `session closed` muda mfupi baadaye, maana yake umekubaliwa na sesheni imekufa. Angalia hayo maneno mawili ndani ya mabano, huduma na fungu. Yanakuambia faili gani na mistari ipi.

Kwa waliokataliwa, angalieni hali ya akaunti kabla ya kubadili nenosiri:

    sudo passwd -S jina
    sudo chage -l jina
    sudo faillock --user jina

Ya kwanza ikionyesha L, nenosiri limefungwa. Ya pili inaonyesha tarehe za kuisha. Saa ya mashine ikiruka mbele kwa miaka, akaunti nzima inaweza kuonekana imekwisha muda, kwa sababu hesabu ya `/etc/shadow` (faili linalotunza taarifa za manenosiri) ni ya siku tangu Januari 1, 1970. Ya tatu ni kwa distro (matoleo ya Linux kama Ubuntu, Fedora au Arch) zinazotumia `pam_faillock`: bila kubadilisha mipangilio yake, ukikosea mara 3 ndani ya dakika 15 akaunti inafungwa kwa dakika 10, na katika muda huo hata nenosiri sahihi linakataliwa. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakidhani wamelisahau. Kuifungua ni `sudo faillock --user jina --reset`.

Kwa ambao sesheni inakufa, anzeni na `df -h` na `df -i`. Diski ikijaa, au idadi ya mafaili inayoruhusiwa ikiisha, desktopu inashindwa kuandika vifaili vyake vya mwanzo na inakufa kimya. Kisha `ls -ld /tmp`, ambayo lazima isome `drwxrwxrwt`. Kama inakufa kwa kila akaunti mara tu baada ya kusasisha kerneli, na una kadi ya NVIDIA, endesha `nvidia-smi` na `dkms status`. Dreva isipolingana na kerneli, hakuna desktopu itakayosimama. Na kama umepandisha toleo la distro, hakikisha sesheni uliyokuwa ukiichagua bado ipo. GNOME 49 ya mwaka 2025 imezima sesheni ya X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha picha, unaorithiwa na Wayland) kwenye mpangilio wake wa kawaida. Majina ya sesheni zilizopo yako `/usr/share/wayland-sessions` na `/usr/share/xsessions`. Ile ya kwako imeandikwa `/var/lib/AccountsService/users/` kwa GDM, au `/var/lib/sddm/state.conf` kwa SDDM.

Leteni kesi zenu. Mje na jina la distro, skrini ya kuingia mnayotumia, matokeo ya jaribio la Ctrl+Alt+F3, na mistari ya logi. Futeni majina yenu kwenye logi kabla ya kuiweka.

#2 Mchangiaji

Mkuu, ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi natumia Mint, LightDM. Nikiweka nenosiri skrini inakuwa nyeusi kama sekunde moja, narudi pale pale. Ctrl+Alt+F3 naingia vizuri. Diski ina nafasi kibao. Nimetengeneza akaunti nyingine ya majaribio, hiyo inaingia hadi kwenye desktopu bila tatizo. Logi inasema session opened halafu session closed.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, umefanya jambo la maana sana kutengeneza akaunti ya pili. Jaribio hilo moja limeondoa dreva, PAM, LightDM na desktopu yenyewe kwenye orodha ya washukiwa. Kilichobaki ni kitu ndani ya home yako (saraka ya mafaili yako).

Mshukiwa wa kwanza ni umiliki wa mafaili:

    ls -l ~/.Xauthority ~/.ICEauthority
    find ~ -xdev ! -user "$USER"

`.Xauthority` hubeba ufunguo unaoziruhusu programu zako kuongea na seva ya X. Mtu akiendesha programu ya picha kwa sudo, au `sudo startx`, faili hilo linaweza kuishia kumilikiwa na root. Kuanzia hapo sesheni yako haiwezi kuliandika na inakufa. Ukikuta root, rudisha umiliki:

    sudo chown "$USER": ~/.Xauthority ~/.ICEauthority

Hiyo amri ya `find` ni muhimu kwa sababu mara nyingi root ameacha nyayo sehemu zaidi ya moja, hasa ndani ya `.config`, `.cache` na `.local`.

Nyongeza kwa wanaosoma na wanatumia GDM: kufuta `~/.Xauthority` hakutawasaidia, ingawa ushauri huo umeenea mno. GDM huweka faili hilo kwenye `/run/user/`, siyo home.

Mshukiwa wa pili ni skripti zinazosomwa wakati wa kuingia: `~/.profile` na `~/.xprofile`. LightDM huzisoma kabla ya kuanzisha desktopu. Fungua zote, tazama hasa mistari ya mwisho. Halafu soma `~/.xsession-errors`.

Usifute `.config` yote kama wengine wanavyoshauri. Ikibidi, ihamishe kwa jina jingine, jaribu kuingia, kisha rudisha vipande.

#4 Mchangiaji wa #2

Mkuu, mafaili yote ni ya kwangu, hakuna la root. Ila mwisho wa `.profile` kuna mstari `exec zsh`. Uliwekwa na skripti ya kuremba terminali niliyoiendesha siku za karibuni. Nimeuwekea alama ya # mbele, nimeingia! Lakini kinachonishangaza, kwa nini kule kwenye konsoli nilikuwa naingia?

#5 Mwanzisha uzi

Safi sana mkuu. Swali lako ni zuri, na jibu lake litawasaidia wengi.

`exec` haianzishi programu nyingine pembeni. Inaifuta ile inayoendelea na kuweka nyingine mahali pake. Kwenye konsoli, bash (sheli, yaani programu inayosoma amri zako) ilisoma `.profile`, ikajibadilisha kuwa zsh, na zsh ilikuwa na kibodi na skrini ya kuongea na wewe, ikatulia kusubiri amri. Upande wa LightDM, anayesoma `.profile` ni skripti ya kuanzisha sesheni. Ilipofika kwenye `exec zsh` ikafutika yenyewe kabla haijafikia mstari wa kuwasha desktopu. Zsh ikakuta haina terminali wala amri ya kutekeleza, ikamaliza. LightDM ikaona sesheni imekwisha, ikakurudisha. Hakuna kosa lililotokea, ndiyo maana hukuona ujumbe wowote.

Kama unataka zsh iwe sheli yako ya kudumu, tumia `chsh -s /usr/bin/zsh`. Na siku ukitaka kuiondoa zsh kwenye mfumo, rudisha bash kwanza. Zipo distro, Arch ikiwemo, ambazo PAM yake inatumia `pam_shells`, na moduli hiyo inamkataa mtu yeyote ambaye sheli yake haimo kwenye `/etc/shells`, hata nenosiri likiwa sahihi.

#6 Mchangiaji

Kaka, habari. Mimi kuingia naingia vizuri kabisa. Balaa ni pale ninapofunga skrini (i3lock kwenye Debian): nenosiri lile lile nililoingilia linakataliwa, hadi nizime mashine kwa kitufe. Ilianza baada ya kuhamisha mfumo kwenda SSD mpya. Nilinakili mafaili yote kwa `cp -r`. Sudo nayo iligoma mwanzoni, nikairekebisha kwa chmod u+s kutoka kwenye flashi ya live (yenye Linux inayowaka bila kuinstoliwa).

#7 Mwanzisha uzi

Dada, salama kabisa. Hiyo habari ya sudo ndiyo ufunguo wa kesi yako, asante kwa kuitaja.

Kwanza usizime tena mashine kwa kitufe. Skrini ikigoma, nenda Ctrl+Alt+F3, ingia, andika `pkill i3lock`, rudi kwenye desktopu yako. Wenye GNOME au Plasma watumie `loginctl` kuona namba ya sesheni, kisha `loginctl unlock-session` na namba hiyo. Wanaotumia swaylock wasiiue: Wayland imeundwa ili kifunga skrini kikifa, skrini ibaki imefungwa.

Sasa chanzo. Skrini ya kuingia inaendeshwa na root, kwa hiyo PAM yake inaweza kusoma `/etc/shadow` moja kwa moja. i3lock inaendeshwa na wewe, mtumiaji wa kawaida, usiye na ruhusa ya kulisoma faili hilo. Hapo `pam_unix` huita kijiprogramu kinachoitwa `unix_chkpwd` kimsaidie, na hicho hufanya kazi kwa sababu kina ruhusa maalumu kwenye faili lake. Itazame:

    sudo ls -l /usr/sbin/unix_chkpwd

Kwenye Debian na Ubuntu inapaswa kusoma `-rwxr-sr-x root shadow`. Hiyo herufi s upande wa kundi ndiyo inayokipa nguvu ya kusoma shadow. (Kwenye Fedora utakuta `-rwsr-xr-x root root`.) Naamini yako inasoma `-rwxr-xr-x`, maana `cp -r` haihifadhi ruhusa maalumu. Ndiyo iliyoiua sudo pia. Ukaitibu sudo peke yake na wenzake wakabaki wagonjwa. Kwenye logi utaona unix_chkpwd ikisema `password check failed for user`, ujumbe unaompoteza mtu adhani ameandika vibaya.

Tiba ya hapo hapo:

    sudo apt install --reinstall libpam-modules-bin

Lakini kwa kesi yako sishauri kuishia hapo. Faili la sudo na hilo la unix_chkpwd ndiyo uliyoyagundua. Yapo mengine (su, passwd, mount, msaidizi wa polkit, huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya kazi za msimamizi) na yapo yenye sifa nyingine za ziada ambazo `cp -r` haizibebi. Kama diski ya zamani bado unayo, washa kwa flashi ya live na unakili upya kutoka kule mafaili ya mfumo kwa `rsync -aAXH`. Herufi hizo ndizo zinazobeba umiliki, ruhusa, sifa za ziada na viungo. Bekapu ya mfumo wa Linux isiyobeba vitu hivyo si bekapu ya mfumo, ni bekapu ya nyaraka tu.

#8 Mchangiaji

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Ubuntu ya kazini, tunaitumia watu kadhaa. Mwenzetu aliongeza mstari wa alama ya kidole kwenye `/etc/pam.d/common-auth`. Tangu hapo hakuna nenosiri linalokubalika, si kwenye skrini, si konsoli, si sudo. Bahati nzuri mimi bado niko ndani, sijatoka kwenye akaunti. Faili liko hivi:

    auth  [success=1 default=ignore]  pam_unix.so nullok
    auth  sufficient                  pam_fprintd.so
    auth  requisite                   pam_deny.so
    auth  required                    pam_permit.so

#9 Mwanzisha uzi

Mkuu, usitoke kwenye akaunti na usizime mashine. Tulia tusome hayo mafungu mstari kwa mstari, kwa sababu hili ndilo kosa la PAM ambalo ningependa kila msomaji wa uzi huu alielewe.

`success=1` maana yake: ukifaulu, ruka mstari 1. Kabla mwenzenu hajaongeza mstari wake, `pam_unix` ikifaulu ilikuwa inaruka `pam_deny` na kutua kwenye `pam_permit`. Umepita. Ukishindwa, hakuna kuruka, unaangukia `pam_deny`. Umekataliwa. Mpangilio mzima unategemea hesabu ya mistari.

Sasa mstari mpya umewekwa katikati na namba haijabadilishwa. Nenosiri sahihi linaruka mstari 1, yaani linaruka alama ya kidole, na kutua juu ya `pam_deny`. Kila anayeandika nenosiri sahihi anakataliwa.

Tazama kinachotokea kwa nenosiri lisilo sahihi: `pam_unix` inapuuzwa, hakuna kuruka, zamu inafika kwa `pam_fprintd`. Hiyo ni `sufficient`, ikifaulu inatosha peke yake. Kwa hiyo kama kidole chako kimesajiliwa kwenye mashine hiyo na akaunti yako ina haki ya sudo, fanya hivi: andika `sudo -i`, weka nenosiri la uongo kwa makusudi, halafu gusa kisomaji. Unapaswa kupita.

Ukishakuwa root, usifunge hiyo terminali mpaka tumalize. Futa mstari ulioongezwa. Kisha endesha `pam-auth-update --force`. Bila `--force` inakataa kuandika juu ya mafaili yaliyohaririwa kwa mkono. Kama mnahitaji alama ya kidole, instolini kifurushi cha `libpam-fprintd` na muiwashe humo humo ndani ya `pam-auth-update`, nayo itapanga mistari na namba zake yenyewe.

Jaribu kabla ya kufunga terminali ya root: fungua terminali nyingine ya mtumiaji wa kawaida, andika `su - jina`. Usijaribu ukiwa root, kwa sababu `su` humpitisha root bila kumuuliza (ndiyo kazi ya `pam_rootok`), utadhani mambo yamepona kumbe bado.

Kidole kikishindikana, tumia flashi ya live: fungua diski, hariri faili hilo hilo, washa upya. Kama diski imefungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski), utahitaji kuifungua kwanza kwa `cryptsetup open`.

#10 Mchangiaji wa #8

Imekubali mkuu! Nenosiri la uongo, kidole, nikawa root. Nimefuta mstari, nimeendesha pam-auth-update, `su - jina` inapita kutoka akaunti ya kawaida. Wenzangu wote wameingia. Asante sana.

#11 Mchangiaji

Naomba niongezee kwa watu wa Fedora, maana huko utaratibu ni tofauti.

Kwanza, `system-auth` na `password-auth` ni viungo vinavyoelekea `/etc/authselect/`. Ukizihariri kwa mkono kazi yako itafutwa siku authselect (zana inayopanga mafaili ya PAM) ikiandika upya. Alama ya kidole huwashwa hivi: `sudo authselect enable-feature with-fingerprint`. Kujua kama mtu ameyachezea mafaili, `authselect check`.

Pili, kubadilisha nenosiri kwa njia ya GRUB (menyu ya kuwashia mfumo). Wengi hubonyeza e, wanaongeza `rw init=/bin/bash`, wanaendesha passwd, wanawasha upya, na nenosiri jipya linakataliwa. Ni SELinux, ulinzi wa ziada unaotumia lebo za mafaili. Kwa njia ile SELinux haijapakia sera zake, hivyo `/etc/shadow` mpya inaandikwa bila lebo yake sahihi, na mfumo ukiwaka kawaida huduma za kuingia zinanyimwa kulisoma. Kabla ya kuwasha upya andika `touch /.autorelabel`. Mwasho unaofuata utachukua muda mrefu, uacheni umalize.

Tatu, hii ni kwa distro zote. Linux-PAM 1.5.0 ya mwaka 2020 iliondoa `pam_tally` na `pam_tally2`. Mashine ya zamani yenye mstari wa `required` unaozitaja, ukiipandisha toleo, inamkataa kila mtu. Logi inasema `PAM unable to dlopen(pam_tally2.so)` na `PAM adding faulty module`. Ondoa mstari huo, weka `pam_faillock` kwa utaratibu wa distro yako.

#12 Mwanzisha uzi

Mkuu, nakushukuru. Hilo la SELinux limewafanya watu wengi wainstoli upya mashine nzima zisizo na tatizo.

#13 Mchangiaji

Kaka, maswali mawili. La kwanza, msimamizi alinibadilishia nenosiri, na sasa kila nikiingia GNOME inaniuliza nenosiri la funguo na la jipya halikubali. La pili, kwenye laptopu nyingine natumia i3 (kipanga madirisha tu, si desktopu kamili), flashi haifunguki, na nikijaribu `pkexec` najibiwa No authentication agent found.

#14 Mwanzisha uzi

La kwanza. GNOME Keyring hufunga manenosiri yako kwa nenosiri la kuingilia. Ukilibadilisha mwenyewe, PAM inaipa keyring la zamani na jipya, inajifunga upya. Msimamizi akilibadilisha kwa root, la zamani halimo mikononi mwake, kwa hiyo keyring inabaki na lile la awali. Fungua programu ya Seahorse, bonyeza kulia kwenye Login, badili nenosiri: weka la zamani, kisha la sasa. Usikimbilie kufuta `~/.local/share/keyrings/login.keyring`, ukilifuta, manenosiri yote yaliyomo yamekwenda. Na mjue kwamba anayeingia kwa alama ya kidole au kwa kuingia moja kwa moja ataulizwa vile vile, kwani hakuna nenosiri lililopita kwa PAM la kufungulia. Kwa Plasma ni hivyo hivyo, na KWallet hufunguka yenyewe tu kama pochi linaitwa kdewallet, limefungwa kwa blowfish badala ya GPG, na nenosiri lake ni sawa na la kuingilia.

La pili. Angalia kwanza kama logind inakutambua:

    loginctl show-session $XDG_SESSION_ID -p Type -p Active -p Remote

Ukikuta `Active=yes` na `Remote=no`, sesheni yako ni nzima. Ukikuta `XDG_SESSION_ID` ni tupu, `pam_systemd` haikukuandikisha, na polkit itakuchukulia kama mtu asiyekaa mbele ya mashine. Kwa ujumbe uliouleta, naona uko kwenye hali ya kwanza: polkit iko tayari kukuuliza nenosiri lakini hakuna programu ya kukuonyesha kisanduku. GNOME na Plasma huja nayo. i3 haiji nayo, lazima uiwashe mwenyewe. Instoli `lxpolkit` au `mate-polkit`, halafu kwenye faili la mipangilio la i3 ongeza mstari wa kuianzisha, kwa mfano `exec --no-startup-id lxpolkit`. Toka, ingia tena, jaribu `pkexec id`. Kisanduku kikitokea na ukaona uid=0, programu hiyo inafanya kazi; jaribu tena kufungua flashi.

Na usijiongeze kwenye makundi ovyo ili kukwepa kisanduku hicho. Ukilazimika kujiongeza kwenye kundi lolote, ni `usermod -aG`. Ukisahau hiyo `a`, unaondolewa kwenye makundi mengine yote, la sudo likiwemo, na hutaligundua hadi sesheni inayofuata.